Muulize Somo: Namshuku Muuza Maji

*Somo wa Dunda, shikamoo. Masika hii nilikuwa likizo, nikarithi sanduku la riwaya za marehemu mjomba. Mwezi mzima nimesoma Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango, na bado kuna nyingine chini ya sanduku. Sasa silali. Namshuku muuza maji wetu: hupita saa ile ile kila siku, ana kovu shavuni, na nikimuuliza kwao wapi ananikata jicho. Nifanyeje?*
*Macho Makavu, Nianjema*

Marahaba, Macho Makavu. Umefika pahala pake. Wengine wangekupeleka kwa daktari, nao madaktari wangekupa vidonge, ukalala, na huyo muuza maji akaendelea na yake. Mimi sitoi vidonge. Mimi natoa akili, na sina upungufu.

Kabla hatujaenda mbali, ujue unazungumza na nani. Ndala za imamu zilipopotea siku ya Ijumaa, nani aliyezipata? Mimi. Mwizi wa kuku pale Magomeni, nani aliyemtambua kwa harufu ya bizari kwenye kanzu, tena bila kuinuka juu ya mbuzi wa kukunia nazi? Mimi huyu huyu. Polisi hawajawahi kuniita kunishukuru, na sababu naijua, ni wivu. Tuyaache hayo. Nayaacha kwa sababu mimi si mtu wa kujisifu.

Sasa nijibu wewe: ulianza na nani? Maana matatizo yote ya wasomaji wa riwaya za upelelezi huanzia kwenye mpangilio. Mtu akianza na Willy Gamba halafu ndipo aende kwa Bwana Msa, anakuwa kama aliyekunywa chai ya tangawizi kali kisha akapewa maji ya dafu: atasema hayana ladha, kumbe ulimi wake ndio umekufa ganzi. Bwana Msa ndiye mkubwa wao na hatangulizwi mtu mbele yake. Muhammed Said Abdulla, mwana wa Makunduchi, alimtoa hadharani katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyonyakua tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957/58, ikachapwa kitabu 1960. Huyo Bwana Msa hana bastola. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya kumwacha mtu aseme mpaka ajifunge mwenyewe kwa maneno yake.

Na Abdulla huyo, kabla hajawa mhariri wa magazeti, unajua alifanya kazi gani? Mkaguzi wa afya wa serikali. Hapo ndipo nilipompenda. Mkaguzi wa afya ni mpelelezi anayelipwa mshahara kufunua masufuria ya watu. Mimi nafunua bure, tena sihitaji kibali. Najum wangu ni wifi yangu, na kazi yake ni kusema "Ehe?" kila ninapovuta pumzi. Ukosefu wa Najum ndio ulioanza kukuumiza, mwanangu. Mtu hasomi *Kisima cha Giningi* peke yake chumbani, mvua inapiga bati, umeme umekatika, akategemea kubaki na akili zake. Tafuta wa kukwambia "Ehe?" Kama huna ndugu, jogoo anatosha. Msomee kwa sauti majina ya watuhumiwa. Akiwika, huyo ndiye. Jogoo wangu hajakosea hata mara moja, ila ana chuki na kila jina linaloanza na S.

Haya, Willy Gamba. Huyo ni wa Elvis Musiba, na *Kufa na Kupona* ilitoka 1974. Najua vijana mnamcheka: suti, bastola, ndege, wanawake wazuri kila mlango unaofunguliwa. Cheka, lakini cheka ukijua. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na shule yao ya sekondari papa hapa Bagamoyo. Na kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Ndani ya kitabu, Macho Makavu! Aliyeyaishi hayo, Musiba alipomletea majasusi wa makaburu kwenye karatasi, hakuona kuwa ni chumvi. Alishika kitabu akakipima uzito kwanza.

Kwa hiyo kumshuku mgeni kulikuwa na maana yake enzi hizo. Muuza maji wako hakutumwa na makaburu. Makaburu wangempa mkokoteni wenye magurudumu yote mawili.

Na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, yule kijana wa Kigoma aliyeifanya Dar es Salaam ya usiku itishe kuliko pori, huyo ana sharti lake. Kimojawapo cha vitabu vyake kinaitwa *Tutarudi na Roho Zetu?* Tazama hiyo alama ya kuuliza. Kitabu chenye alama ya kuuliza jaladani hakisomwi baada ya isha. Hilo ni agizo, si ushauri.

Dozi yako, basi, ni hii. Bwana Msa kurasa kumi asubuhi pamoja na uji wa pilipili manga. Gamba baada ya alasiri, ukiwa umekaa mahali penye watu, usije ukaruka. Kiango adhuhuri ya jua kali tu. *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya 1965, isome ukiwa umezima simu, ingawa siku hizi simu ya kifo ni ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Shaka ikizidi, kiweke kitabu chini ya sufuria ya pweza usiku kucha: shaka hunywewa na sufuria, harufu hubaki kitabuni, na hakuna atakayekuazima tena. Isipopoa, panda bodaboda mpaka Kaole. Pale, karibu na magofu ya msikiti wa karne ya 13, kuna mbuyu ambao wageni huambiwa wakiuzunguka wanaongezewa umri. Uzunguke na riwaya kichwani. Ukizunguka kinyume unapunguziwa kurasa, na kwa baadhi ya waandishi ninaowajua hiyo ni neema.

Lakini kinachonikera, na naomba unielewe nakereka kwa mapenzi, ni kwamba unahangaika na muuza maji ilhali umekaa juu ya kesi za haja. Tarehe 4 Desemba 1889 Stanley alimfikisha hapa Bagamoyo Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Ikweta, kusini mwa Sudan. Msafara wa kwenda kumwokoa ulikula karibu miaka mitatu na roho za wapagazi wasio na idadi. Usiku ule ule Wajerumani wakamwandalia karamu. Vinywaji vikatembea, hotuba zikatolewa, na katikati ya furaha Pasha akatoka dirishani ghorofani, akaanguka chini, fuvu likapasuka.

Nani alimsukuma? Stanley? Walikuwa wamegombana njia nzima. Wissmann, mwenye karamu? Mtu wa Gamba angekimbilia bastola. Mimi, kwa kuwa nimefundwa na Bwana Msa, nilianza na miwani. Pasha alikuwa haoni mbali, aliliona dirisha akadhani ni mlango wa roshani. Kesi imekwisha: muuaji ni dirisha, na marehemu hakufa. Alipona, Stanley akaondoka kwenda Unguja bila yeye, naye mwaka uliofuata akarudi bara chini ya bendera ya Wajerumani, akauawa Kongo 1892. Huko kuna wauaji wa kweli, lakini ni nje ya wilaya yangu.

Au chukua ya miaka kumi na tano kabla yake. Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa Livingstone, walifika hapa na maiti yake, wameibeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo, ikalazwa misheni. Ilipofika London wakubwa wakataka uhakika kuwa ni yeye. Daktari mmoja, Fergusson, akaupapasa mfupa wa mkono wa kushoto, akakuta mvunjiko wa zamani aliotiwa na simba. Wakaridhika. Watu wamebeba mzigo kutoka katikati ya Afrika, wanaoaminiwa ni simba! Mimi ningewauliza wapagazi, na ningewakaribisha chai kwanza.

Sasa, hizo riwaya za chini ya sanduku. Hukuzitaja majina, nami sikuhitaji unitajie, maana masanduku ya wajomba nayajua. Iko *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, ile iliyotengenezewa filamu 2021. Iko *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, na kwa hiyo ikasomwa na kila mwanafunzi. Na kama mjomba alifariki karibuni, huenda iko *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotiwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Hizo ulizirusha chini kwa sababu hazina maiti ukurasa wa kwanza. Ndizo zilizokuwa dawa yako. Katika *Vuta N'kuvute* Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa baba yake, na hakuna cha kupeleleza, maana waliofanya hivyo wako sebuleni wanakunywa sharubati. Katika *Peponi* Yusuf anachukuliwa na "ami" yake kulipia deni la baba, naye mwenye kumchukua ni mtu mpole, mnukia udi. Utamkamata nani? Ukitoka humo huna hamu ya kumshika mtu shati. Unataka kumuuliza habari za nyumbani, na ukae usikie. Bwana Msa naye hafanyi zaidi ya hapo, ila anavuta kiko.

Nilikuwa niko njiani kueleza jinsi nilivyogundua hili peke yangu kabla ya maprofesa wa Chuo Kikuu, lakini mhariri amenitumia ujumbe wa tatu kuwa nafasi inakwisha. Mhariri ana kovu pia. Nitamshughulikia.

Haraka haraka, basi. Anapita saa ile ile kwa sababu ndiyo saa bomba linafunguliwa. Kovu ni la mpini wa mkokoteni. Na anakukata jicho kwa sababu unamdai kwao badala ya kumlipa chake: mwezi mzima umefungiwa ndani na vitabu, anakuletea madumu, na kwenye barua yako yote, yenye saa, kovu na jicho, hakuna mahali ulipoandika kuwa umelipa. Mlipe. Na deni la mjomba muulize kwa adabu, huenda lipo.

*Somo, nilinunua riwaya ya mtumba kwa wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara Dar, Mtaa wa Samora. Nimefika Mlingotini nimemaliza, kumbe kurasa za mwisho zimenyofolewa. Muuaji ni nani?*
*Nusu Roho, Mlingotini*

Namjua. Sisemi. Mtu mwenye elimu hagawi kama pipi.

Ila nitakwambia nani aliyezinyofoa: ni karanga. Nimewahi kununua karanga standi, zimefungwa kwenye ukurasa wa mwisho wa riwaya ya Hammie Rajab, nikamjua mkosaji kabla sijajua kosa. Vitabu hivi vya miaka ya 1970 na 1980 vimepita mikono mingi, vingine havijaonekana dukani siku nyingi, na kila mkono umechukua haki yake. Fanya hivi: waalike majirani, tandika jamvi, wasomee hadi pale palipokatika, halafu nyamaza huku ukiwatazama mmoja mmoja. Atakayeanza kutoka jasho ndiye aliye na nakala nzima nyumbani. Mwazime kwa nguvu. Ikishindikana, andika mwisho wako mwenyewe, uniletee nikusahihishe. Natoza changu wa kukaanga. Dagaa sipokei.

*Somo, mume wangu kasoma Willy Gamba, sasa haingii nyumbani kwa mlango. Jana karuka dirishani.*
*Mama wa Watoto Wanne, Kiromo*

Pole, bibie. Soma jibu la kwanza, habari za Emin Pasha, kisha umnunulie miwani. Dirisha la uani mfungie, la mbele mwachie wazi, na chini yake upande mpilipili.