Jinsi ya Kumlisha Msafiri Vibaya Isiolo, na Bado Akashukuru

Hongera kwa kupewa tawi la mkahawa. Wakubwa wa Nairobi wamekukabidhi nembo, fulana za rangi mbili, friza moja na kitabu kinene cha viwango vya huduma. Kitabu kiweke chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kazi yenyewe nitakueleza mimi.

1. Tafuta mteja asiyerudi

Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi ilikuwa ikikomea Isiolo. Sasa imefika Moyale, na mabasi ya Marsabit na Moyale yote lazima yaukate mji huu. Abiria anashuka na njaa, miguu imekufa ganzi, na makanga ameshampa dakika ishirini. Kesho atakuwa Eastleigh kule Nairobi, au atakuwa amevuka mpaka kuingia Ethiopia. Huyo ndiye riziki yako. Mtu wa mtaa wa Bulapesa hapa mjini ukimlisha vibaya, jioni Bulapesa nzima ina habari. Abiria atakuja kulalamika akishafika Archer's Post huko, na kule hakuna anayemjua.

Kwa hiyo fungua karibu na kituo cha mafuta, washa taa nyingi, kisha ungoje.

2. Pika picha kwanza

Kuku wa kwenye bango anenepe, ang'ae, na awe na majani mabichi pembeni. Kuku wa kwenye sahani ana maisha yake. Mteja akiwalinganisha, usibishane naye. Mwambie kwa upole, "Hiyo picha ilipigwa Nairobi, boss." Ataridhika. Hakuna atakayekuuliza kwa nini kuku wa Nairobi awe mnene kuliko wa hapa, wakati wote wawili wametoka katoni moja.

3. Andika vyakula arobaini, uwe na vitatu

Mameneja wachanga hukosea hapa: mteja akiuliza samaki, wanamjibu papo hapo kwamba hakuna. Haraka ya nini? Mhudumu aandike, aende jikoni, akae huko kidogo, arudi ameinamisha shingo: "Pole mkubwa, samaki imeisha." Mteja atadhani amechelewa, kwamba wajanja walimtangulia. Aagize pilau. Nayo iishe. Mara ya tatu atauliza mwenyewe, "Sasa kuna nini?" Hapo kuku na chipsi utakavyomletea atavipokea kwa mikono miwili.

4. Chipsi zitoke mbali

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo ujuzi ulipo.

Ukitoka Isiolo ukapanda mlima kidogo, unaingia nchi ya viazi: Timau, Kibirichia, mashamba kwa mashamba. Usitazame upande huo. Kiazi kibichi kinataka mtu wa kukimenya, kisu, maji, na mpishi anayejua mafuta yamepata moto kiasi gani. Chipsi zilizogandishwa zinataka mkasi tu wa kukata mfuko.

Utaniuliza, zikikatika? Jifunze kwa waliotutangulia. KFC iliingia Kenya mwaka 2011. Januari 2022 iliishiwa chipsi katika nchi iliyojaa viazi, kwa kuwa vyake vilikuwa vinakuja kwa meli na meli zikachelewa. Wateja wakaombwa wachague kitu kingine, ugali kwa mfano. Wakulima wakaja juu, watu wakahimizana mitandaoni kususia, kampuni ikaahidi kuzungumza na wakulima wa hapa nyumbani. Halafu? Watu walirudi kupanga foleni. Mimi siku zile nilicheka, lakini foleni niliiona.

Jambo hili lina uzuri wake ukilitazama barabarani. Asubuhi mitungi ya maziwa ya ngamia hupakiwa kwenye basi hapa Isiolo kwenda Eastleigh, ambako watu huyangoja kwa hamu. Jioni kuku wako wa barafu anateremka kutoka huko huko. Vinapishana njiani. Kizuri kinakwenda, wewe unapokea kilichobaki, na kilichobaki ndicho chenye nembo.

Usije ukashawishika kuuza nyirinyiri. Ile nyama hukatwa vipande vidogo vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kutunzwa ndani ya mafuta yake. Inakaa miezi bila friza. Sasa stima ikipotea utasingizia nini? Chakula kisichokupa kisingizio hakifai katika biashara yetu.

Neno moja tu la kweli kabla hatujaendelea: usichezee halali. Cheti kiwe ukutani, na mchinjaji awe anajulikana. Isiolo watakusamehe kuku mkavu, soda ya moto, hata nzi. Hilo hawatakusamehe, na mimi nisingekuombea msamaha.

5. Wafanye wangoje

Usiogope. Umefungua biashara katika mji uliobobea katika kungoja. Mpango wa miundombinu wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu Machi 2012, marais na waziri mkuu wa Ethiopia wakiwapo, na Isiolo ikatengewa reli, bomba la mafuta na jiji la kitalii. Mtu anayeingoja reli tangu mwaka huo atashindwaje kumngojea kuku kwa dakika arobaini? Kila baada ya muda mhudumu apite akisema "inakuja". Asisimame.

6. Mpende mtu wa semina

Mji huu umejaa mashirika, na mashirika yana semina, na semina zina chakula cha mchana. Mgeni wa semina haonji kuku, huonja risiti. Mpe risiti ndefu iliyochapishwa vizuri, yenye nembo juu na nambari ya ushuru chini. Atakula mifupa akitabasamu na wiki ijayo atakuletea watu thelathini. VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 ziandike kwa wino mzito. Mteja akiona jumla, aikasirikie serikali.

7. Uliza swali mbele za watu

Hii ndiyo siri ninayoificha hata kwa wanangu. Mtu haji kwako kwa ajili ya kuku. Angetaka kuku angemfuata mama wa kibandani, alipe nusu na apewe mchuzi wa kuongeza. Kwako amekuja aonekane. Amemleta shemeji, au msichana anayemchumbia, au mjomba aliyetoka Garbatulla. Amewaambia njia nzima kwamba "pale ni pazuri".

Basi subiri kinywa kijae. Mwendee, inama kidogo, uliza kwa sauti ya kufika meza ya pili: "Chakula kiko aje, mheshimiwa?"

Atameza. Atawatazama wageni wake. Atasema, "Kiko sawa kabisa."

Hawezi kusema vingine. Akikiri kuku ni mkavu, amekiri mwenyewe hajui kuchagua. Kuanzia hapo yeye ndiye wakili wako: mjomba akisukuma sahani, atamwambia hivyo ndivyo kuku wa kisasa anavyopikwa.

Akitokea mkaidi, mwenye kudai meneja, aambiwe meneja ameenda Meru. Meru ni karibu vya kutosha kuaminika, na ni mbali vya kutosha kwake kukata tamaa. Ajuza akilalamika, hapo usitumie ujanja wowote: sema "pole sana mama," mpe chai, na umrudishie pesa zake. Wewe hujawahi kusikia ajuza wa Kiborana akisimulia jambo sokoni. Mimi nimesikia.

8. Bili iwahi honi

Mfundishe keshia kusikiliza barabara. Dereva akipiga honi ya kwanza, bili itue mezani. Msafiri hatahesabu. Hatauliza ile saladi ilitoka wapi. Atatuma pesa kwa M-Pesa huku akikimbia, kisha atageuka mlangoni na kusema asante, kwa sababu amelelewa vizuri.

9. Chakula chako wewe

Saa nane mchana, watu wakipungua, vua fulana ya kazi na utoke kwa mlango wa nyuma. Nyuma ya maduka utakuta kibanda cha mabati, benchi mbili, na mama anayegeuza anjera. Agiza na maini, na chai ya maziwa ya ngamia. Kaa ukiipa barabara mgongo. Wapishi wako utawakuta wameshatangulia. Salimianeni kwa kichwa tu, wakupishe kidogo kwenye benchi, na kila mtu ajilipie.