Kinga Yangu Inalia

Mwenye kinga, yaani baiskeli, hapa Kolwezi hana siri, na kinga ikiwa na kiti cha ngozi hana hata heshima. Changu ni cha zamani: ngozi nene iliyovutwa juu ya chuma, springi mbili nyuma. Nikikanyaga pedali, kwii. Nikipanda mwinuko, kwii-kwii-kwii. Majirani zangu wa Manika wanajua nimetoka saa ngapi, nimerudi saa ngapi, na nimesimama kwa nani njiani.

Wa kwanza kulaumiwa ni vumbi. Kiangazi hiki chetu mvua inatusahau miezi na miezi, malori ya madini hayalali, na ule unga mwekundu unaingia hadi kwenye sufuria ya bukari. Ngozi inakauka, vumbi linajipenyeza kati yake na vichwa vya ribiti, basi ukihamisha makalio tu, vikavu viwili vinasuguana. Kelele ni hiyo, hakuna uchawi.

Lakini nani atakusikiliza, mji mzima ukiwa mafundi? “Papa, tia mawese, itanyamaza.” Mwingine anaapa kwa mazutu. Mama mmoja muuza makala alinishauri kinga iombewe, na kwa kweli ushauri wake ndio pekee usioharibu kiti. Ukiimwagia ngozi mafuta inalegea, inabonyea katikati, na suruali ya Jumapili inabeba ushahidi hadi kanisani. Tone moja upande wa chini, ngozi inapogusa chuma, latosha. Ngozi yenyewe inataka nta, tena ya kupaka kwa kidole.

Na kabla ya tone, nyanyuka uendeshe umesimama. Kelele ikiendelea, kiti hakina hatia, kaulize pedali. Ikikoma, chomoa bomba la kiti, lifute, lipake grisi, kisha kaza nati inayobana vyuma vya kiti. Changu kilinyamaza nusu. Nusu ya pili ilikuwa ribiti moja iliyolika hadi inacheza kwenye tundu lake.

Ribiti ya shaba. Ya shaba, jamani! Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, karibu zote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Mabamba yake yanatupita kila siku kwenye barabara ya Likasi, yakielekea Kasumbalesa na bahari. Nikazunguka soko zima natafuta kipande cha ukubwa wa punje ya hindi. Muuzaji wa vipuri, bila haya, akaniambia nisubiri mzigo wa kutoka India.

Kijana mmoja fundi wa kinga hakuwa na subira hiyo. Alichomoa waya mnene wa shaba kwenye mota iliyoungua (umeme wetu mnaujua), akaukata, akaupitisha tunduni, akaugonga kichwa kwa nyundo. Nikapanda. Kimya! Nikauliza bei.

“Franka elfu ishirini.”

“Ribiti moja?”

“Papa, shaba imepanda kule London.”

Katika mji huu hata mtoto wa kuuza maji anajua bei ya London. Nikampigia hesabu hapo hapo: tuseme tani ni dola 10,000, gramu moja ni senti moja ya dola, na ribiti hii haifiki gramu tano.

“Iyo ni bei ya tani, papa,” akasema, mkono ameshaunyoosha. “Miye nauzisha moya-moya.”