Mama Mkwe na Mto Unaorudi Nyuma

Mkazi wa Ukunda haitembelei Ukunda. Ana kazi, ana deni dukani, ana mabati ya kubadilisha kabla masika hayajaingia. Habari ya kwenda kutazama miti na mapango amewaachia wanaolipia. Mimi nimepita kwenye njia ya kuingilia Kaya Kinondo tangu sijaota ndevu, na sikuwahi kukata kona. Pomboo wa Kisite nimewaona kwenye kalenda ya duka la dawa. Kinachomtoa mwenyeji ndani ni mgeni. Na wageni wengi unaweza kuwaambia una shughuli, ila mama mkwe hayumo katika hao.

Wangu anatoka Othaya, Kaunti ya Nyeri. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na somo lake lilikuwa GHC, lile lililotia jiografia, historia na uraia katika chungu kimoja. Alishuka kwenye basi na mikoba miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa nduma zilizochemshwa. Kwapani alikuwa na daftari jipya ambalo kurasa zake zilikwisha kupigwa mistari kwa rula: Mahali, Mwaka, Aliyejenga, Maoni. Safu ya pili ndiyo iliyotutesa sote.

Lakini kwanza niseme habari ya tuktuk. Kwetu Udigoni mkwe huonewa haya. Humkalii karibu, humkazii macho, na mkikutana kwenye kichochoro unajibana ukutani apite. Adabu hizi zilitungwa kabla ya tuktuk. Kiti cha nyuma kinachukua watu watatu, nao wawe watatu wasiooneana haya. Mke wangu alikaa katikati ili awe ukuta, ila ukuta wenyewe ni mwembamba. Basi nikahamia mbele, tako moja kwenye kiti cha dereva na jingine nje kwenye upepo, na hivyo ndivyo nilivyoizunguka Kwale ya kusini.

Asubuhi ya kwanza hatukuhitaji tuktuk, kwani kivutio kilitufuata barazani. Kima mkubwa, mwenye mwendo wa afisa wa kaunti aliyekuja kukagua leseni, alipanda meza, akachagua nduma iliyo nono, akaruka nayo juu ya bati. Akaimenya, akauma, akatafuna kidogo. Kisha akaitema na kuirusha uani. Mama mkwe hakuchukizwa na wizi. Alichukizwa na hukumu. “Ametema nduma ya Othaya!” alisema, na ikabidi mke wangu amkalishe kitini.

Kumtuliza, nilimpeleka barabara ya ufukweni akawaone mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wapole, wala majani, ambao hawana haja na kifungua kinywa cha mtu. Shirika la kuwahifadhi lilianzishwa mwaka 1997, na limewatundikia ngazi juu ya lami ili wavuke bila kugongwa na magari. Mwaka ukapatikana, ukaandikwa. Kwenye Maoni aliweka: “Mbega wana adabu. Kima waongezewe somo.”

Hadithi yenyewe ilizaliwa Kongo.

Mwisho wa ufuo wa Diani upande wa kaskazini, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, pana msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, katikati ya mibuyu. Waliokuwa wakisali humo zamani walikuwa na makao yao hapo mdomoni mwa mto. Wenyewe hawapo tena. Msikiti umebaki, na mpaka leo una waumini wake. Vitabu hukadiria karne ya 14 au ya 15. Mama mkwe hakutaka makadirio. Alijitanda leso ya mke wangu, akavua viatu mbali kabisa kwa heshima, akamwendea mzee mmoja aliyekuwa kivulini.

“Mzee, msikiti huu ulijengwa mwaka gani?”

“Zamani, mama.”

“Zamani ya lini?”

“Babu yangu aliukuta.”

“Na babu yake babu yako?”

Mzee alilifikiri swali kwa heshima zake zote. “Naye aliukuta,” akasema. “Lau hangeukuta tungeambiwa.”

Mama mkwe akaandika kitu, akakifuta, akageukia mto. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana, siku za bamvua, na maji yalikuwa yakijaa. Jani moja lilielea kutoka upande wa bahari likaelekea bara, likapita mbele yake bila haraka. Akalifuata kwa macho. Likaja la pili. Sasa, kwao kuna Gura, mto unaoporomoka kutoka Nyandarua kwa mbio zinazojulikana Kenya nzima, na tangu azaliwe mto huo haujabadili nia hata siku moja.

“Huu mto unarudi nyuma,” alisema, akinitazama mimi, kana kwamba nimeuharibu.

Nikamweleza tunavyoelezwa na wavuvi: maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku, kila siku yakichelewa kwa dakika hamsini hivi, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa bamvua, na hapo tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, katikati yake huja maji mafu, bahari ikapumzika. Maji yakipwa unavuka Mwachema kwa miguu ukaingia Tiwi. Yakijaa unahitaji chombo. Kijana mmoja mwenye mtumbwi alikuwa akinisikiliza, na neno chombo ndilo alilolingoja.

“Nusu saa tu, mama. Maji yamesimama, ndio wakati wenyewe.”

Alikuwa kweli anaijua kazi. Alitusukuma kwa upondo mpaka ndani ya mikoko, akatuonyesha mchu unaochomoza pumzi zake topeni, akatuonyesha mkandaa na mkoko wenye miguu, na mama mkwe akawa anaandika kwa furaha. Tukaingia kijito cha pembeni, kimya, pazuri sana. Hapo simu ya kijana ikalia. Kulikuwa na pikipiki iliyouzwa, pesa zilizotumwa nusu, na shemeji yake mmoja asiyeaminika. Upondo aliuchomeka topeni ili apate mkono wa kuelezea. Kesi ilikuwa ndefu, na kusema kweli ilikuwa tamu. Hata mke wangu alikuwa upande wa pikipiki. Bamvua hailingoji shauri likatwe. Tulipokumbuka kutazama chini, mtumbwi ulikuwa umekaa kitako juu ya tope, na mto umekuwa uzi mwembamba kule katikati.

“Tungoje maji,” kijana alisema.

“Yatarudi saa ngapi?”

“Ya kuelea? Saa tisa za usiku.”

Hilo ndilo jibu la kwanza lenye tarakimu kamili alilopewa mama mkwe tangu afike Kongo, na hakulipenda.

Ilikwisha kupita saa kumi na moja. Mbu wa mikokoni walikuwa wakiamka. Kijana akanitazama, akamtazama mama mkwe, akatoa ushauri wa kitaalamu: “Kaka, mbebe mama mgongoni.” Mke wangu alijifunika uso kwa mtandio, nami nikajua anacheka kwa jinsi mabega yake yalivyokuwa yakitikisika. Mimi ambaye kwa ajili ya haya nilikuwa nikisafiri tako moja nje, nimbebe mkwe mgongoni, na kule ng’ambo watalii wana simu za kupigia picha!

Nilishuka kwanza nipime kina. Tope likanipokea mpaka gotini. Nikavuta mguu, likachukua ndala. Nikavuta mwingine, nikafika pajani. Hapo nikasimama, au niseme nikasimamishwa.

Mama mkwe alinitazama kwa muda, kisha akavua viatu, akafunga daftari ndani ya kilemba, akapandisha sketi, akashuka. Hakuzama. Mtu aliyekulia Othaya amelima nduma tangu utotoni, na nduma hupandwa kwenye tope la kando ya mto. Alikuwa akikanyaga kwa ubavu wa wayo, akifuata mizizi ya mikoko, na alipofika nilipo akaanza kufundisha. “Usivute juu. Zungusha kisigino kwanza, hewa iingie. Hapo. Sasa mguu wa pili.” Akaninyooshea mkono, nikaushika. Kama wazee wa kwetu wana faini ya jambo hilo, wanitumie ujumbe nilipe.

Tulitoka mikokoni adhana ya magharibi ikianza, weusi mpaka kiunoni, mke wangu nyuma akikanyaga nyayo za mama yake. Kijana tulimwacha na mtumbwi wake na simu yake. Kesho yake alikuja nyumbani kudai malipo, pamoja na ya muda wa ziada. Jioni ile, pale msikitini, mzee wa mchana alikuwa akitawadha. Alituangalia, akasita.

“Mlikwama tangu saa ngapi, mama?”

“Tangu zamani,” mama mkwe akajibu, akapita.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Kaya Kinondo ilimpa wasiwasi kabla ya kuingia, yeye akiwa mama wa kanisa, na kwenye lango unafungwa kaniki kiunoni, unavua kofia, unaambiwa usichukue hata jani. Lakini mwongozaji alipoanza kueleza jinsi wazee wanavyoulinda msitu, wasiruhusu shoka, alikuja juu: hata bibi yake yeye aliheshimu mugumo, na hakuna aliyethubutu kuukata. Akakubali kuukumbatia mti, na aliukumbatia kwa muda mrefu mpaka watalii wa nyuma wakaanza kukohoa. Mwaka nao ulipatikana: 2008, kaya za Wamijikenda zilipoingizwa katika Urithi wa Dunia, misitu iliyotapakaa pwani kwa takriban kilomita 200. Kisha akauliza Wadigo walianza lini kuishi humo. Mwongozaji akavuta pumzi. “Usiseme,” akamwambia, akaandika mwenyewe.

Milima ya Shimba hakuitendea haki, nami nitasema hivyo hata mbele yake. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, na ndipo mahali pekee Kenya ulipobaki kumwona palahala, yule paa mkubwa wa pembe zilizopinda kisu. Palahala siku hiyo walikuwa na mambo yao. Tuliona mavi ya ndovu, mengi na mabichi, na askari wa wanyama akayasifu kwa kina. Tukateremka mpaka maporomoko ya Sheldrick, yasiyofika hata mita 30, na nikakosea kuyaita makubwa. “Karuru kule kwetu ni mita 273,” alisema. Halafu akauliza urefu wa milima yenyewe. Nilipomwambia haifiki mita 500 juu ya bahari alifurahi sana, maana sakafu ya jiko lake Othaya inapita mita 1,700.

Shimoni sitaitilia maskhara. Ndani ya pango, mwongozaji alipotuonyesha vyuma vya kufungia watumwa, mama mkwe alifunga daftari, na hakuuliza mwaka.

Ng’ambo, Wasini, kulikuwa na pomboo. Nasema kulikuwa kwa sababu nahodha alisema. “Pale!” alikuwa akipaza sauti, nasi sote tukaelemea upande wa kulia, chombo kikalala. “Sasa pale!” Tukaelemea kushoto. Mama mkwe, ndani ya jaketi la kuokolea alilolifunga tangu gati, alifuatilia vidole vyote vya nahodha na hakuona hata mkia. Chakula cha mchana kilikuwa kaa wa tangawizi na gongo la kumvunjia, na hapo ukwe ulikwisha kabisa, kwani hakuna haya inayosalimika mbele ya kaa. Pigo lake la kwanza lilinirushia mchuzi kifuani. La pili lilimfikia mtalii wa meza ya jirani, naye akapiga makofi.

Kilichomkamata barabara ni Gazi. Nilitaka kumpeleka kwa ajili ya historia, maana ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kwa Wajerumani. Miaka imo, majina yamo. Akaandika kwa mistari miwili, akasema ahsante. Lakini akina mama wa pale walipotutembeza kwenye ile njia ya mbao juu ya mikoko, wakamweleza kwamba tangu 2013 kijiji kinalipwa kwa sababu ya kutoikata, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, kwenye hekta 117, akasimama katikati ya ubao.

“Mnauza nini hasa?”

“Hewa ukaa, mama. Mikoko inaishika, wa ng’ambo wananunua.”

“Mnauza hewa.”

“Ndio.”

“Inapimwaje? Pesa inapita kwa nani? Na msitu wa vilimani unafaa?”

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Walimweleza habari za tani, na maji ya bomba, na vitabu vya shule vilivyonunuliwa, naye akajaza kurasa zilizokusudiwa vivutio vingine vyote. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa ubao nikitazama maji, kwa sababu yalikuwa yanapwa.

Alirudi Othaya na basi la usiku. Juzi akapiga simu, na baada ya salamu akaniarifu kwamba amewasomea daftari wenzake wa chama cha akina mama, nao wamechanga nauli. Wanakuja Desemba kuona hewa inavyouzwa, na wote wanataka kuuona mto unaorudi nyuma, hivyo nimuulize yule kijana kama ana mtumbwi mpana zaidi na kama ile kesi ya pikipiki imekwisha. Katika hao wamo dada zake wawili, na mama yake mdogo mmoja. Kwa hesabu ya ukoo hao nao ni wakwe zangu, kila mmoja na haya yake. Dereva wa tuktuk nimemweleza. Ameniuliza kama najua kuendesha, ili yeye ndiye aning’inie.