Vita vya Dakika 38

Yakhe, mwenzenu nashindana na vita. Vile vya tarehe 27 Agosti 1896, Muingereza alipolipiga mizinga kasri la pwani hapa Unguja. Sultani Sayyid Khalid akakimbilia kwa Wajerumani, mambo yote kwisha kwa dakika kama 38. Mimi kutoka Mwanakwerekwe mpaka kazini Shangani, kwa baskeli, dakika 52. Sultani keshatimka, mimi bado niko Michenzani nainasua suruali kwenye mnyororo.

Kisa mpwa wangu. Kanitilia kwenye simu programu ya kupimia mwendo, ati ndio ustaarabu. Zamani nilikuwa nachelewa tu, raha mustarehe. Sasa nachelewa kwa hesabu.

Siku ya kwanza sikujua hata inawashwa wapi. Siku ya pili ikanitia aibu. Vichochoro vya Mkunazini vimebana, kuta ndefu, simu haioni setilaiti, basi ikanichora nakatiza majumbani mwa watu. Mpwa akatazama ramani, akanitazama mimi. "Mjomba, hapa ulipita chumbani kwa nani?"

Haya, nikajitengeneza. Upepo nikatia, mnyororo nikaupaka mafuta, suruali nikaichomeka kwenye soksi kama golikipa mstaafu. Dakika 49. Na pale Amani nikapitwa na mzee wa baskeli ya Foniks ya zamani, keria ina mikungu miwili ya ndizi. Hahemi! Tena akanisalimia. Mimi pumzi ya kujibu sina, nikainua kidole.

Hapo ndipo nikamjua mwizi wa dakika zangu: salamu. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, wazee wako barazani na kahawa zao. Ukitoa asalaam alaikum hujamaliza, ndio kwanza umeanza. Nyumbani hawajambo? Mguu wa bi mkubwa vipi? Yule kijana keshaoa? Nami mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedeli, kama kuku kwenye mvua.

Jumanne nikajitia upofu. Kengele krin krin, nikapita. Hata hamjambo sikusema. Dakika 37! Nimempiga Muingereza! Nikamuonyesha bosi. Akatazama saa ya ukutani. "Kumbe unaweza. Basi kila siku hivyo hivyo."

Jioni narudi, mama watoto yuko mlangoni, mikono kiunoni.

"Wazee wa Sokomuhogo wamekukosa nini hata uwapite kama mbuzi?"

"Nani kakwambia?"

"Habari zimefika hapa saa mbili kasorobo."

Na mimi kazini niliingia saa mbili kasoro dakika ishirini. Habari hiyo imefika Mwanakwerekwe dakika tano tu baadaye, na baskeli haina.

Jumatano nikaenda kuomba radhi. Kahawa ya baraza zima juu yangu, kashata juu yangu, masikio yangu kwa kila mzee. Simu mfukoni haikuzimwa, sijui inazimwaje. Safari ilipotimiza saa moja na dakika 14, ikapaza sauti mbele ya wote, ikanambia mwendo wangu umeshuka, nijitahidi.

"Nani huyo anayekugombeza?" mzee mmoja akauliza.

Nikamwambia, "Mpwa wangu."