Barua ya Wazi kwa Kamati ya Bango la Getini

Kwa Kamati ya Bango la Getini,
Hospitali (jina kapuni),
Njombe.

YAH: PONGEZI KWA KUWALINDA WATOTO NJITI DHIDI YA BABA ZAO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, naleta pongezi kwa sababu malalamiko yana sanduku lake, na ufunguo wa sanduku hilo hakuna anayejua uko kwa nani.

Mdogo wangu ni kibarua wa mbao Makambako. Mkewe alijifungua kabla ya miezi kutimia, kwa upasuaji, mwezi wa Julai, na baridi ya Julai ya Njombe mnaijua. Mama akalazwa wodi ya wazazi, mtoto akapelekwa chumba cha njiti. Baba akadandia kosta ya alfajiri, akafika getini, akasomewa bango: saa za kuona wagonjwa bado.

Huko ndani umeme ulikuwa umekatika, na muuguzi mmoja anahangaika na watoto wengi kuliko mikono yake, akitafuta cha kuwatia joto. Nje, kwenye benchi, kifua cha nyuzi 37 kilikaa bure kikisubiri saa kumi jioni.

Nisiwaonee lakini. Siku hiyohiyo geti lilimfungukia bila swali kila alipohitajika: kuleta glovu, kuleta mrija wa kunyweshea maziwa, kulipia vipimo. Nadhani vijidudu vya baba hubaki nje akiwa ameshika risiti.

Maana sababu yenu ni maambukizi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa hospitali tano, mojawapo Muhimbili, kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi pungufu ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani tangu mapema, kwa mama au kwa ndugu aliyempokea zamu, bila kungoja watengemae kwanza, walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Wenzao waliongojewa, karibu 16. Na walioshukiwa kupata maambukizi ya damu walikuwa wachache zaidi upande wa waliobebwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza familia ishirikishwe kumhudumia njiti hospitalini. Wataalamu hao bila shaka hawakupata nafasi ya kupita getini kwenu kusoma bango.

Serikali nayo imewaingilia. Sheria ya kazi iliporekebishwa, mwajiriwa wa kiume aliyepata njiti aliongezewa likizo kutoka siku 3 hadi 7. Mdogo wangu, wa kulipwa kwa siku, likizo hiyo anaisikia redioni. Wenye ajira wataimalizia kwenye benchi lenu.

Nina taarifa ya uvunjaji wa utaratibu pia. Usiku mmoja muuguzi wa zamu (simtaji, mtamwandikia barua ya kujieleza) alimpitisha baba mlango wa nyuma. Akamsimamia kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akamvua shati, akamlaza mtoto kifuani: uso umegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, kofia ya kufuma kichwani, khanga imekazwa juu yao wote wawili. Mbeba magogo yule alikaa hivyo hadi kunakucha, anaogopa hata kukohoa. Asubuhi muuguzi akapima, joto limepanda, akaliandika kwenye faili. Chanzo cha joto hakukiandika.

Ombi langu ni dogo. Saa za kuona wagonjwa zibaki, ila ziwahusu wageni. Baba, na bibi wa mtoto aliyeambiwa arudi na uji kesho, wapewe sabuni, mtu wa kuwaelekeza, na kiti. Kama kiti hakimo kwenye bajeti, tutakuja nacho. Makambako mbao zipo.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Baba Mkubwa wa Mtoto

Nakala: Mlinzi wa geti – kwa utekelezaji.
Duka la dawa linalotazamana na geti – kwa taarifa tu.