Katika Kuusifu Mfumuko wa Bei

Katika mambo yote yaliyolaaniwa na wanadamu bila ya kusikilizwa hoja zao, sioni lililodhulumiwa kuliko mfumuko wa bei, ambao huko Ulaya kila mama mwenye kikapu na kila mzee mwenye pensheni huutaja huku akisaga meno, ilhali hapana hata mmoja aliyekaa kitako akazihesabu fadhila zake.

Fadhila ya kwanza ni ukarimu. Nani mwingine aliyepata kuwatajirisha Wajerumani wote kwa mwaka mmoja? Mwezi wa Novemba 1923, dola moja ya Kimarekani ilipofikia marki trilioni 4.2, hata fukara wa Berlin alikuwa bilionea. Na ikiwa mabilioni yake hayakumpatia mkate, basi lawama ni ya mkate.

Ya pili ni huruma kwa wadaiwa. Mjerumani aliyekuwa ameweka shamba lake rehani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alilipa deni zima kwa fedha isiyotosha kununua yai, naye aliyejinyima umri wake wote ili aweke akiba alifunzwa, bila ya ada, kwamba mali ya dunia ni upepo.

Ya tatu ni uadui kwa uvivu: huko Hungaria, katika mwezi wa Julai 1946, bei zilikuwa zikiongezeka maradufu kila baada ya saa 15 hivi, hata aliyepokea ujira alfajiri hakuthubutu kungoja adhuhuri.

Wala mtu asidhani kwamba mfumuko umezeeka. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoighalisha gesi, uliizuru Estonia, katika kilele chake, kwa zaidi ya asilimia 20, na huko Ufaransa, yenye sarafu ile ile ya yuro lakini ambayo serikali yake iliufungia mlango wa umeme na gesi, haukufika hata 8. Maana mgeni muungwana huingia kwa kadiri alivyofunguliwa.

Lakini shahidi wa kweli ni hasimu. Benki Kuu ya Ulaya, iliyopandisha riba mara 10 mfululizo ili iupige, haikukusudia kuuua: imeukadiria posho ya asilimia 2 kila mwaka, kwani inachelea zaidi siku ambayo bei zitashuka zisiinuke. Basi mimi ni nani, nisiye na benki, hata nimwombee mauti mgeni ambaye mwenye nyumba mwenyewe amemwekea sahani?