Maongezi Yapo

Nauza nyumba kwa milioni 120. Sijataja 150 ili tushuke, wala 135 halafu nikaongeza "maongezi yapo". Ni 120. Lakini ndani ya jiji hili la Dar es Salaam ukitaja bei ya kweli ya nyumba unaonekana tapeli.

Simu ikilia, salamu ni nusu. "Bosi, ile nyumba ya Tabata, mwisho ngapi?" Hajaiona. Hajui ina vyumba vingapi, hajui kama gari linafika. Anataka bei ya mwisho kabla hajaisikia ya kwanza. Nikimjibu 120 anaguna: "Sawa, hiyo ya kuanzia. Mwisho?" Nikimweleza kwamba hiyo ya kuanzia na ya mwisho ni mtu na ndugu yake, ananyamaza kidogo, kisha ananiuliza kwa upole kama kweli mimi ndiye mwenye nyumba. Sikasiriki sana. Huu ni mji ambao watu huandika ukutani kwa rangi nyekundu "Nyumba hii haiuzwi", ili wasikute imeshauzwa wao wakiwa msibani mkoani.

Na bei yenyewe sikuiokota njiani. Nilimlipa mthamini aliyesajiliwa, akapima kuta, akachungulia dari ya jipsamu, akasoma hati mbele na nyuma. Ripoti yake ilikuja na bei mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ndogo zaidi na benki huipenda sana, maana siku ya mnada hakuna anayekuja na huruma.

Dalali alipoiona hiyo ya pili, uso ukamng'aa. "Mzee wangu, tuanzie hapa."

Ataacha kuipenda? Malipo yake ni asilimia 5. Nyumba ikienda kwa 120 anapata milioni 6, ikienda kwa 100 anapata milioni 5. Kwake tofauti ni milioni moja, kwangu ni kumi na tisa. Afadhali yake auze kesho asubuhi kwa mia akatafute nyumba nyingine. Dalali wa pili alikuwa na hesabu yake: mimi nibaki na 120 yangu, yeye awatajie wateja 140, hiyo ishirini iwe cha juu chake. Kwa hiyo nyumba ileile, mtaa uleule, ilikuwa inauzwa mia na inauzwa mia na arobaini. Aliyekuwa akiiuza 120 ni mwenye nyumba peke yake, na ndiye aliyekuwa haaminiki.

Halafu lile tangazo la dalali. "Inauzwa haraka, mwenye nyumba ana shida." Shida gani? Nahamia Kibaha nikafuge kuku. Lakini mtaa ulishasoma. Jirani wa kushoto akaja na kilo mbili za sukari na sauti ya pole pole, akakaa sebuleni akitazama runinga yetu kama anayeiaga. Wa kulia hakuja na kitu, alikuja na habari: kuna mtu mtaa wa tatu aliuza milioni 200, nyumba mbovu kuliko yangu. Mtu huyo yuko kila mtaa wa Dar. Sifa yake kubwa ni kwamba ameshahama, huwezi kumuuliza.

Mke wangu ndiye aliyeichukua hiyo milioni 200 akaitia kwenye hesabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka aridhie ndipo nyumba ya familia iuzwe. Hajaisoma, ila anaitekeleza kana kwamba aliiandika yeye. Anahesabu kisima, geti, vigae, kila mfuko wa saruji uliopanda tangu msingi, na chai ya mafundi. Nimemwambia mteja hanunui saruji yetu, ananunua hati, umbali wa kutoka lami, na jibu la swali moja: mvua za masika maji yanapita wapi? "Na chai waliyokunywa mafundi nani atairudisha?" Hapo sina jibu.

Wateja nao wana ubunifu. Mmoja alikubali bei, mkono tukapeana, kisha akashusha sauti: kwenye mkataba tuandike milioni 60, ili kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu visitusumbue. Nyumba yangu ikapata bei ya tano, hii ya kuwaonyesha watu wa kodi. Nikamsindikiza mpaka getini.

Wiki iliyopita akaja mama mmoja mtu mzima na mwanawe. Akazunguka, akafungua bomba, akaomba namba ya hati akaihakiki kwenye ofisi ya ardhi, akauliza kuhusu masika. "Bei?" Nikamwambia 120. Akasema, "Sawa. Lini tunaenda kwa mwanasheria?"

Hakuomba apunguziwe hata elfu kumi. Walipoondoka, nyumba ikawa kimya.

"Kakubali upesi," mke wangu akasema.

Dalali akapiga: "Mzee, tumelala! Yule ana hela!" Shemeji akashauri tumchunguze, mtu mwema hawezi kukubali hivyo. Na mimi, mtu wa bei moja, usiku nilikuwa macho nikiwaza milioni 200 ya mtaa wa tatu. Asubuhi nikakuta mke wangu ameshaiweka simu mezani mbele ya chai yangu. Anataka nimpigie yule mama nimwambie kuna mtu mwingine kafika bei.